RUBANI WA HELIKOPTA NA MASHAURI YA KUOKOA WATU

Maneno yaliyosomwa na wajumbe wa tawi la reli mbele ya wanachama na wenyeji wa Kulamawe, Isiolo

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu wa Kulamawe, mama zetu, na ndugu wanachama,

Twashukuru kwa maziwa na kivuli mlichotupa tangu tulipofika.

Huenda wengine wenu wanajiuliza, watu wa reli wamefuata nini Kulamawe? Reli inakoma Nanyuki. Kweli, katika mwaka 2012 huko Lamu ulizinduliwa mpango mkubwa wa bandari, barabara, bomba la mafuta na reli, na reli hiyo imeandikwa kupita Isiolo. Lakini hata leo haijatandazwa. Basi kama reli haijafika, sisi tumetangulia kwa miguu ya wengine, maana kazi za wafanyakazi zinafanana. Kijana anayechimba mtaro wa barabara mbali na mji, mchungaji anayefuata ngamia siku tatu, na gangi ya reli inayolala porini, wote wana swali moja: siku nikianguka au nikipotea, nani atanitafuta, naye atajuaje mahali nilipo?

Katika siku hizi watu wengi hujibu upesi, wakisema, "Itakuja helikopta." Ni jibu zuri, lakini halijatimia. Leo twataka kuzungumza habari za mtu aendeshaye chombo hicho, yaani rubani, na sehemu yake katika kupanga kazi ya kutafuta na kuokoa. Neno letu ni moja. Kazi kubwa ya rubani huyu haifanyiki angani. Hufanyika chini, mezani, kabla injini haijawashwa. Na kama rubani hakuulizwa mezani, au kama sisi wa chini hatukumpa habari za kweli, basi chombo chake kitakuwa kelele na vumbi tu.

Sisi wa reli twalijua jambo hili kwa mfano wa kazi yetu. Abiria humwona dereva akipiga honi, na humsifu dereva. Hawamwoni stesheni masta akiandika saa katika daftari, wala hawajui kwamba kwa desturi ya njia moja gari halitoki stesheni mpaka imethibitishwa kwamba njia iliyo mbele ni tupu. Dereva asiyepewa ruhusa hiyo hukaa, hata abiria wakipiga makelele. Kazi ya rubani wa kuokoa ni vivyo hivyo. Kabla ya kuruka ana daftari lake.

Kwanza, katika daftari hilo mna hesabu ya uzito na joto.

Helikopta hujiinua kwa kuisukuma hewa chini kwa mapanga yake yazungukayo. Hewa ikiwa nzito, mapanga hupata kitu cha kushika. Hewa ikiwa nyepesi, hushika kidogo. Nayo hewa huwa nyepesi kwa sababu mbili: joto na kimo. Saa saba ya mchana katika uwanda huu wenu, mawe yanapochoma miguu, hewa si ile ya alfajiri. Tena, kusimama hewani mahali pamoja hula nguvu nyingi kuliko kwenda mbele. Basi chombo kinachoweza kubeba watu wanne asubuhi katika nchi ya baridi chaweza kushindwa na wawili adhuhuri katika nchi ya joto. Ni kama injini yetu ya reli: mabehewa inayoyavuta tambarare haiwezi kuyavuta yote mlimani. Hakuna amri ya mkubwa iwezayo kubadili hesabu hiyo.

Mfano wa kwanza ulitokea Burma, nchi ambayo wazee wetu wa KAR waliijua, maana askari wa Afrika Mashariki walipigana huko katika mwaka 1944. Mwezi wa Aprili mwaka huohuo, ndege ndogo ya Wamarekani ilianguka nyuma ya majeshi ya Wajapani, ikiwa na rubani wake na askari watatu wa Kiingereza waliokuwa wameumia. Aliyetumwa kuwachukua ni Luteni Carter Harman, kwa helikopta ya Sikorsky. Chombo kile kilikuwa na nguvu kidogo, na joto lilikuwa kali. Harman hakuweza kubeba watu wanne pamoja, wala wawili. Alibeba mmoja mmoja. Injini ikapata joto kupita kiasi, ikabidi kungoja, akamaliza kazi siku iliyofuata. Wote wanne walitoka. Huo ndio uokoaji wa kwanza wa helikopta uliopata kufanyika vitani.

Tazameni akili iliyomo. Mtu mwenye haraka angelisema, "Pakia wote, twende, adui yuko karibu." Wangelianguka wote. Hesabu ya mmoja mmoja ilionekana kuwa polepole, kumbe ndiyo iliyowaokoa wanne.

Miaka 52 baadaye jambo hilo lilirudi katika mlima Everest. Mwezi wa Mei 1996, baada ya dhoruba iliyoua wapandaji kadhaa, Luteni Kanali Madan Khatri Chhetri wa jeshi la Nepal alipeleka helikopta hadi kimo cha kiasi cha mita 6,000, mahali penye hewa nyembamba mno. Watu wawili walikuwa wameumizwa vibaya na baridi: Makalu Gau wa Taiwan na Beck Weathers wa Marekani. Rubani alimchukua Gau kwanza, akamshusha, kisha akarudi kumchukua Weathers. Tena ni mmoja mmoja. Chombo kilikuwa kimeboreka sana tangu wakati wa Burma, lakini hewa haikubadilika, na rubani alijua hivyo.

Lakini ndugu, hatutawadanganya kwa kuwasimulia ushindi peke yake. Tuutazame mlima wetu wenyewe, ule uonekanao kutoka Isiolo mawingu yanapofunguka.

Katika mwezi wa Septemba 1970, Waaustria wawili, Gerd Judmaier na Oswald Oelz, walifika kileleni Batian, kimo cha mita 5,199. Wakati wa kuanza kushuka Judmaier alianguka pamoja na jiwe, mguu ukavunjika vibaya. Mwenzake alishuka kutafuta msaada. Wapandaji wa Kenya walipanda kumfikia, nao walihangaika siku nyingi katika miamba na baridi. Baba yake Judmaier, aliyekuwa Austria, alifanya mipango, na waokoaji wa milimani wakaja kwa ndege kutoka kwao. Mgonjwa alifikishwa chini baada ya siku zaidi ya saba, naye akapona. Lakini katika kazi hiyo rubani Mmarekani aitwaye Jim Hastings aliruka kwa helikopta kupeleka msaada mlimani. Helikopta ilianguka, naye akafa.

Hatumhukumu marehemu. Mtu aliyetoa roho yake kwa ajili ya mtu mwingine hahukumiwi na watu waliokaa kivulini. Twamtaja kwa heshima, na kwa sababu jina lake latukumbusha kwamba mwokoaji naye ana mke, ana watoto, ana mshahara unaongojewa nyumbani. Mpango wa kuokoa usiohesabu maisha ya mwokoaji haujakamilika. Katika Chama twasema kila siku kwamba usalama wa mfanyakazi si zawadi ya tajiri. Neno hilo lamhusu rubani pia.

Pili, katika daftari la rubani mna hesabu ya mafuta na saa.

Tuseme helikopta ina mafuta ya dakika 150. Kutoka inakokaa hadi mahali pa kutafutia ni dakika 40. Kurudi ni dakika 40 nyingine. Dakika 30 ni akiba ambayo rubani mwenye akili haigusi. Zilizobaki ni 40. Dakika 40 tu, ndugu, ndizo za kumtafuta mtu porini. Mtu anayeiona helikopta ikizunguka kidogo kisha ikaenda zake husema, "Wametuacha." Hawakuwaacha. Mafuta yamesema.

Sasa, hizo dakika 40 zitatumiwa wapi? Hapo ndipo habari za watu wa chini zinapokuwa dhahabu. Mkisema mtu amepotea "upande ule", na hakuna ajuaye zaidi, rubani atalazimika kuchora duara kubwa. Duara ambalo kutoka katikati hadi ukingoni ni kilomita 10 lina kilomita za mraba 314. Lakini akisimama mzee mmoja akasema, "Jana jioni alinyweshea kisimani pale, na ngamia wake mmoja alikuwa akichechemea, hawezi kuwa amevuka kilomita 3," duara linakuwa la kilomita za mraba 28. Eneo limepungua mara kumi na moja. Mzee huyo hakuruka, hakuvaa kofia ya chuma, lakini amefanya kazi sawa na helikopta kumi na moja.

Hii ndiyo sababu rubani mwema huuliza maswali mengi mpaka watu huchoka. Mara ya mwisho alionekana wapi? Saa ngapi? Na nani? Alikuwa akielekea wapi? Ana maji? Amevaa nguo ya rangi gani? Mtu mwenye nguo ya rangi ya udongo, amelala chini ya mgunga, hataonekana kutoka juu hata helikopta ikipita kichwani pake. Shuka nyekundu au nyeupe ikitikiswa uwandani huonekana. Asubuhi na jioni kivuli kirefu humsaidia mwenye kutafuta. Adhuhuri, jua likiwa utosini, kivuli cha mtu hutoweka, na hewa ni ile dhaifu tuliyoitaja. Kwa hiyo rubani akisema, "Tungoje alfajiri," msimwite mwoga. Labda anawapa nafasi iliyo bora.

Ninyi watu wa Waso mnaijua kazi hii kuliko sisi. Ngamia akipotea hamkimbii kila upande. Mwazisoma nyayo, mwauliza kisimani, mwakumbuka alikozaliwa, kisha mwagawana njia. Huko ndiko kupanga. Vitabu vya wazungu vya kutafuta watu vimeandika jambo hilohilo kwa hesabu: anza mahali alipoonekana mwisho, gawanya nchi vipande, tafuta kwanza kipande chenye matumaini makubwa, na andika kila kipande kilichokwisha kutafutwa ili watu wasirudie.

Tarehe 5 Juni 2018, ndege ndogo iliyotoka Kitale kwenda Nairobi ikiwa na watu 10 ilipotea jioni. Mvua na ukungu vilizuia kazi. Jamaa za abiria waliteseka kwa kungoja. Mabaki yalionekana asubuhi ya tarehe 7 katika milima ya Aberdare, na hakuna aliyepona. Na watu wa kaskazini hawahitaji kufundishwa na sisi habari za ukungu wa mlimani. Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya jeshi iliyobeba viongozi waliokuwa katika safari ya amani ilianguka Marsabit, wakafa watu 14 kati ya 17. Mlima ni mlima, uwe wa wapandaji au wa wenye nchi. Kilio chake ni kimoja.

Tatu, na hapa ndugu wanachama tegeni masikio, rubani huleta mezani sauti ya mfanyakazi.

Katika mwaka 1944 maofisa wengi wa Marekani walikuwa hawajaiamini helikopta. Ilikuwa chombo kidogo, chenye kelele, kisichofika mbali. Rubani mmoja wa walinzi wa pwani, Frank Erickson, alishikilia kwamba chombo hicho ni cha kuokoa maisha. Tarehe 3 Januari 1944 meli ya vita iitwayo Turner ililipuka karibu na New York. Waliojeruhiwa walihitaji dawa ya damu, na hali ya hewa ilikuwa mbaya hata ndege nyingine hazikuweza kuruka. Erickson alizichukua dawa hizo kwa helikopta katika theluji na upepo, akazifikisha. Baada ya hapo hakustarehe katika sifa. Alifundisha marubani wengine, akashughulika na winchi ya kumwinua mtu kwa kamba pasipo chombo kutua. Tarehe 29 Novemba 1945 rubani mwingine, Jimmy Viner, aliwainua kwa winchi watu wawili kutoka katika jahazi la mafuta lililokuwa likipigwa na mawimbi katika pwani ya Connecticut. Ilikuwa mara ya kwanza watu wa namna hiyo kuokolewa kwa winchi ya helikopta.

Mwaona? Fundi wa kazi ndiye aliyejua chombo chaweza nini na hakiwezi nini. Waliposikilizwa mafundi, mipango yote ya uokoaji ikabadilika. Wasingesikilizwa, helikopta ingelibaki kuwa kitu cha maonyesho.

Sisi wa reli tuna msiba wa kutufundisha jambo hili. Mwezi wa Januari 1993, katika mto Ngai Ndethya, mafuriko yalibomoa daraja usiku, na gari la abiria la njia ya Nairobi na Mombasa likatumbukia. Walikufa watu zaidi ya 100. Tangu siku ile hakuna mtu wa reli asiyejua kwamba habari ya maji kupanda inapaswa kumfikia dereva kabla ya dereva kulifikia daraja. Habari iliyochelewa ni sawa na habari isiyokuwapo. Na mtu wa chini kabisa, yule atembeaye kwa miguu akikagua vyuma, neno lake laweza kuwa zito kuliko la mkubwa aliye ofisini.

Kwa hiyo Chama kina msimamo. Popote panapopangwa kazi ya kuokoa, rubani awepo mezani tangu mwanzo, asiitwe mwishoni kama dereva wa teksi. Na akisema hapana kwa sababu ya uzito, joto, ukungu au giza, asilazimishwe wala asiadhibiwe. Hapana yake ni sehemu ya mpango. Vilevile, pembeni yake akae mwenyeji anayejua visima na nyayo. Mkono mmoja haulei mwana.

Sasa tujibu neno moja tulilolisikia hapa tangu jana. Wengine wamesema, "Helikopta ni ya wakubwa na ya watalii. Mchungaji akipotea, nani atalipa?" Ni neno lenye uchungu, na si la kupuuzwa. Habari ya Mlima Kenya tuliyoisimulia yaonyesha kwamba mwenye jamaa wenye uwezo hupata watu wa kumjia hata kutoka ng'ambo ya bahari. Lakini tazameni jambo hili. Mataifa yalipofanya Mkataba wa Chicago mwaka 1944 juu ya usafiri wa ndege, baadaye yaliweka ndani yake kanuni za kutafuta na kuokoa. Kanuni hizo zasema kwamba wanaopatwa na ajali ya ndege wasaidiwe bila kujali taifa lao wala cheo chao. Kenya imo katika mkataba huo. Basi sisi twauliza: kama abiria wa ndege haulizwi cheo, kwa nini aulizwe kibarua wa barabara? Kama mtu aliyeanguka kutoka mbinguni ana haki, aliyeangukia hapohapo aliposimama hana?

Tena imekwisha kuonekana kwamba jambo hili lawezekana. Mwisho wa mwaka 2023 na katika masika ya mwaka 2024 mvua zilikata njia nyingi za Kenya. Tarehe 1 Mei 2024, mto Talek ulipofurika kule Maasai Mara, Msalaba Mwekundu wa Kenya uliwatoa watu zaidi ya 90, wengine kwa helikopta na wengine kwa nchi kavu. Kazi ya juu na kazi ya chini zilikwenda pamoja. Wengi wa waliozingirwa walikuwa kambini mwa watalii, ni kweli. Lakini mto haukuchagua mtalii na mpishi wake, na kamba ya uokoaji nayo isichague.

Basi tumalize kwa mambo yanayowezekana hapa Kulamawe, bila kungoja fedha za mtu.

La kwanza, uchagueni uwanja. Uwe tambarare na mgumu, upana wa hatua 50 kwa hatua 50 hivi, mbali na nyaya, miti mirefu na mabati yaliyolegea. Mapanga ya helikopta hutoa upepo unaoweza kurusha bati kama karatasi. Kama pana maji ya kutosha, yamwagwe kidogo kupunguza vumbi, maana vumbi humpofusha rubani wakati uleule anaohitaji macho. Simu nyingi siku hizi huonyesha hesabu za mahali. Ziandikwe hesabu za uwanja huo, zibandikwe zahanati, kwa chifu, dukani na kambini kwa wafanyakazi.

La pili, liwepo daftari. Kila kikundi kinachotoka kwenda mbali kiandike majina, njia, na siku ya kurudi, kama stesheni inavyoandika magari. Asiyerudi kwa wakati aanze kuulizwa siku ileile, si baada ya wiki.

La tatu, mwenye kupiga simu ya msaada asianze kwa kulia. Aseme mahali, saa, idadi ya watu, hali yao, hali ya upepo na mawingu, na nani atabaki kwenye simu. Hayo ndiyo rubani anayoyangoja kabla ya kufanya hesabu zake.

La nne, jifunzeni ishara ambazo marubani wa mataifa yote wanazijua. Alama ya V chini, kubwa, ya mawe au nguo, maana yake twahitaji msaada. Alama ya X, twahitaji tabibu. Mshale, tumekwenda upande huu. Zifanyeni kubwa, zenye rangi iliyo mbali na ya udongo. Mtu akiinua mikono yote miwili juu akaitanua, maana yake ndiyo, tusaidieni. Mkono mmoja juu na mmoja chini, maana yake hapana. Kwa hiyo msiipungie helikopta mkono mmoja kwa furaha tu. Na hapa kwenu, ambako mawe ni mengi hata yakaingia katika jina la mahali, hakuna asiyeweza kuandika V. Mawe ambayo hayaliwi yaweza kuita msaada.

La tano, helikopta ikitua, asikimbilie mtu. Wanyama na watoto wawe mbali. Kofia na shuka zishikwe. Kamwe usipite nyuma, maana panga dogo la mkiani huzunguka hata halionekani, nalo huua. Ngoja rubani akuone na akuite kwa mkono, ndipo uje kutoka mbele, umeinama kidogo. Kama imetua penye mteremko, usiijie kutoka upande wa juu. Mti au mwiko mrefu usibebwe ukiwa umesimama.

La sita, tuandike barua pamoja, Chama na wazee, kwa wakubwa wa kaunti na kwa wenye kandarasi, kuomba kwamba kila kambi ya kazi iliyo mbali iwe na mpango wa kuokoa ulioandikwa, uliosomwa kwa lugha ya wafanyakazi, na uliojaribiwa angalau mara moja kwa mwaka. Mpango uliofungwa kabatini haujamwokoa mtu. Tuombe pia wafikirie kuweka mafuta ya ndege mahali pa karibu, ili zile dakika 40 ziongezeke.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Hatubishani nao. Lakini hawakusema kwamba ajali haina matayarisho. Kati ya saa mtu anapoanguka na saa anapopatikana pana kazi, na kazi hiyo ina mafundi wake: rubani mwenye hesabu, mzee mwenye kumbukumbu ya visima, karani mwenye daftari, na kijana mwenye kutandika mawe kwa alama ya V. Akikosekana mmoja, wengine watafanya kazi gizani.

Bwana Mwenyekiti, tumekwisha. Rasimu ya barua iko mezani pako. Kabla ya watu kutawanyika, twaomba wachaguliwe wawili kutoka Chama na wawili kutoka kwa wazee, waende leo hii kuutazama uwanja na kuupima kwa hatua, wakati jua halijatua.

Umoja ni nguvu.